Hifadhi ya wazee mkoani Arusha

Hifadhi ya wazee mkoani Arusha ni jumla ya taratibu za kifamilia, kimila na kiserikali zinazowawezesha watu waliofikisha umri wa miaka 60 na zaidi kupata chakula, makazi, matibabu na heshima wakati nguvu zao za kufanya kazi zimepungua. Makala hii inahusu hasa Jiji la Arusha na vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, pamoja na sera na sheria za nchi zinazowagusa wazee wa huko.

Wazee wengi wa eneo hili ni wakulima, wafugaji na wafanyabiashara wadogo ambao hawakuajiriwa kwa mkataba, hivyo hawana pensheni. Kwao akiba ya uzeeni ilikuwa ardhi, mifugo na watoto. Akiba hiyo imepungua tangu katikati ya karne ya 20, wakati mifuko ya hifadhi ya jamii bado inawafikia watu wachache. Pengo hilo ndilo tatizo kuu la sera ya wazee katika eneo hili, kuliko wingi wa wazee wenyewe.

## Idadi ya wazee

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Umri huo ndio pia wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma, ingawa mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55.

Katika sensa ya mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na wazee takriban milioni 2.5, sawa na asilimia 5.6 ya watu wote. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa takriban milioni 3.5, sawa na asilimia 5.7 ya watu 61,741,120. Mkoa wa Arusha ulihesabiwa kuwa na watu 2,356,255, kati yao 617,631 wakiwa katika Jiji la Arusha.

Takwimu hizo zinaonyesha tofauti kati ya Tanzania na nchi zilizozeeka kama Japani, ambako zaidi ya robo ya watu wamepita miaka 65. Huko tatizo ni uchache wa vijana wa kuwalipia wazee. Tanzania ina vijana wengi: takriban asilimia 43 ya watu wake wako chini ya miaka 15, na kwa utafiti wa afya wa mwaka 2022 mwanamke huzaa kwa wastani watoto 4.8. Kwa hiyo sehemu ya wazee katika jamii haijabadilika sana, lakini hesabu yao iliongezeka kwa karibu milioni moja ndani ya miaka kumi. Wazee wapya milioni moja wanahitaji dawa, nyumba na kipato hata kama asilimia yao ni ileile.

## Hifadhi ya jadi

### Kihamba na mifugo

Wenyeji wakuu wa miteremko ya Mlima Meru ni Wameru, upande wa mashariki na kusini, na Waarusha, upande wa magharibi. Wote walijenga maisha yao juu ya shamba la migomba lililozunguka nyumba, ambalo kwa Wameru huitwa kihamba. Baadaye kahawa ilipandwa chini ya migomba. Ndizi zilitoa chakula mwaka mzima na kahawa ilitoa fedha taslimu. Mzee aliyekuwa na kihamba hakuhitaji kuomba: watoto wa kiume waligawiwa sehemu walipooa, na katika familia nyingi mtoto wa mwisho alibaki nyumbani kuwatunza wazazi na kurithi mji wao.

Kwa Wamaasai wa tambarare za Monduli, Longido na Ngorongoro akiba hiyo ilikuwa ng'ombe. Mzee aliendelea kuwa na sauti kwa sababu mifugo ilikuwa chini ya usimamizi wake.

### Rika na ukoo

Waarusha na Wamaasai hupanga wanaume kwa marika. Kila rika hupanda kutoka ujana hadi uzee kwa pamoja, likiongozwa na wasemaji waitwao laigwanani. Kwa Wameru ukoo huongozwa na mshili. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu Waarusha, alieleza jinsi migogoro ya ardhi, mahari na madeni ilivyomalizwa katika vikao vya rika na ukoo. Utaratibu huo ulimpa mzee kazi ya kufanya hata baada ya kuacha jembe, na ulimpa mahali pa kumshtaki mtoto aliyemtelekeza. Vikao hivyo bado vipo, lakini mtoto aliyehamia mbali si rahisi kuitwa kikaoni.

## Kupungua kwa hifadhi ya jadi

### Uhaba wa ardhi

Tangu utawala wa Wajerumani ardhi nzuri chini ya mlima iligawiwa walowezi, na mashamba yao yakawazingira Waarusha na Wameru wasiweze kupanuka kuelekea tambarare. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko ya Wameru katika Umoja wa Mataifa, New York. Upande wa juu ardhi ilikomea kwenye msitu wa mlima, na tangu mwaka 1960 sehemu ya mashariki ikawa hifadhi ya wanyama ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Kwa kuwa kihamba hugawiwa kila kizazi, baba mwenye ekari nne na wana wanne huwaachia ekari moja kila mmoja, na wajukuu hupata robo yake. Bei ya kahawa nayo ilianguka baada ya mfumo wa mgawo wa mauzo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa kuvunjika mwaka 1989. Familia nyingi ziling'oa mibuni na kugeukia mbogamboga na ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani. Kazi hizo hulipa, lakini zinataka nguvu: kukata majani, kubeba maji na kupulizia dawa si kazi za mtu wa miaka 75.

### Kuuza viwanja

Karibu na mji, katika maeneo kama Moshono na Olasiti, mashamba yamegeuka viwanja vya nyumba. Mzee anayeuza kiwanja hupata fedha nyingi kwa siku moja, kisha hana tena ndizi, majani wala mahali pa kumrithisha mtoto. Wapo waliojenga vyumba vya kupangisha, na kodi ya kila mwezi ikawa mfano wa pensheni. Wapo pia ambao fedha iliisha kwa matibabu, karo na mgogoro wa watoto juu ya mgawo.

### Kuhama kwa vijana

Vijana wa eneo hili hufanya kazi katika utalii, usafirishaji, biashara za mjini na migodi ya tanzanite ya Mirerani. Wengi hutuma fedha kwa simu, jambo ambalo limewarahisishia wazazi kupata msaada bila kusafiri. Hata hivyo msaada huo hutegemea kipato cha mtumaji. Wakati wa janga la UVIKO-19 watalii walioingia Tanzania walipungua kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 621,000 mwaka 2020. Arusha, ambayo ni kitovu cha safari za mbuga za kaskazini, iliguswa moja kwa moja, na pamoja na waongoza watalii na wapagazi waliokosa kazi waliguswa pia wazazi wao vijijini.

Kwa wafugaji pigo kama hilo lilitokana na ukame wa miaka 2008 na 2009, ambao uliua sehemu kubwa ya mifugo ya Longido, Monduli na Ngorongoro.

## Wajane na urithi wa ardhi

Wanawake wanapozeeka hukabiliwa na tatizo la ziada. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalotumika kwa makabila mengi ya Tanzania Bara, halimpi mjane fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Tamko hilo linachukulia kwamba fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Kanuni hiyo ilikuwa na maana pale watoto walipobaki nyumbani. Watoto wakiondoka, mjane hubaki hana ardhi wala matunzo.

Kesi maarufu kuhusu jambo hili haikutoka Arusha bali mkoani Kagera. Holaria Pastory alikuwa amerithishwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, akiwa amezeeka na hana wa kumtunza, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo wake. Bernardo Ephrahim, mtoto wa ndugu yake, alifungua kesi akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu mjini Mwanza aliamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, hivyo mauzo yalikuwa halali.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inakataza maamuzi ya kimila yanayowanyima wanawake haki ya kumiliki ardhi. Pamoja na hayo, mashauri mengi ya urithi huishia katika kikao cha ukoo, na mjane asiye na wosia wala hati hupata shida kuthibitisha haki yake.

## Pensheni za waajiriwa

### Wastaafu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoanza mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977. Jumuiya hiyo iliajiri maelfu ya watu katika reli, bandari, posta na simu, na ndege. Ilipovunjika, mali na madeni yake yaligawanywa kwa mkataba wa usuluhishi uliosainiwa mwaka 1984, na kila nchi ikachukua jukumu la kuwalipa waliokuwa watumishi raia wake.

Tanzania, watumishi zaidi ya 31,000 walidai kwamba hawakulipwa stahili zao. Walikwenda mahakamani, na mwezi Septemba 2005 ilifikiwa hati ya makubaliano na serikali. Malipo yalianza, lakini wengi waliendelea kulalamika kuwa wamepunjwa, na maandamano ya wazee hao jijini Dar es Salaam yalijulikana nchi nzima. Mtu aliyekuwa na miaka 40 Jumuiya ilipovunjika alikuwa na miaka 68 makubaliano yalipofikiwa. Mkasa huo unaonyesha kwamba hata pensheni ya mkataba hutegemea uimara wa taasisi iliyoahidi kulipa.

### Mifuko ya sasa

Mwaka 2018 mifuko minne ya watumishi wa umma (PSPF, LAPF, GEPF na PPF) iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF). NSSF ilibaki kuwa mfuko wa sekta binafsi na ya watu waliojiajiri. Mkulima, dereva wa bodaboda au mwenye genge la mboga anaruhusiwa kujiunga NSSF kwa hiari, lakini kipato kisicho na uhakika huwafanya wengi wasichangie kwa muda wa kutosha.

### Kikokotoo

Kikokotoo ni kanuni ya kukadiria mafao ya mstaafu. Kanuni mpya zilizotolewa mwaka 2018 zilizua malalamiko makubwa, na mwezi Desemba mwaka huo Rais John Magufuli aliagiza zisitishwe. Kanuni nyingine zilianza kutumika Julai 2022.

Mfano ufuatao unaonyesha tofauti kwa mtumishi mwenye mshahara wa Sh 1,000,000 kwa mwezi (Sh 12,000,000 kwa mwaka) aliyechangia kwa miezi 360, yaani miaka 30:

* Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, pensheni kamili ya mwaka ni 12,000,000 × 360 ÷ 540 = Sh 8,000,000. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo, yaani Sh 62,000,000. Nusu iliyobaki ililipwa kila mwezi, takriban Sh 333,000.
* Kwa kanuni ya mwaka 2022, pensheni kamili ya mwaka ni 12,000,000 × 360 ÷ 580 = takriban Sh 7,448,000. Asilimia 33 yake huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, yaani takriban Sh 30,700,000. Asilimia 67 iliyobaki hulipwa kila mwezi, takriban Sh 416,000.

Mkupuo ulipungua kwa nusu, na malipo ya mwezi yakaongezeka kwa takriban robo. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mifuko iwe endelevu na mstaafu awe na kipato kizuri zaidi hadi mwisho wa maisha. Hoja ya watumishi, wakiwemo walimu, ilikuwa kwamba mshahara wa Tanzania hautoshi kujenga nyumba wakati wa ajira, hivyo mkupuo ndio nafasi pekee ya kupata makazi au mtaji. Mwaka 2024 serikali iliongeza mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa waliokuwa katika kundi la asilimia 50 hapo awali, na hadi asilimia 35 kwa waliokuwa katika kundi la asilimia 25.

Hoja zote mbili zina ukweli. Anayepokea mkupuo mkubwa hukutana na hatari ileile ya mzee aliyeuza kiwanja: ndugu, matapeli na biashara asiyoizoea vinaweza kummalizia akiba ya miaka 30. Anayepokea kidogo kidogo, kwa upande wake, hupoteza thamani pale bei zinapopanda na pensheni isipopandishwa.

## Wazee wasio na pensheni

Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaka serikali iweke utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Hata hivyo ibara ya 7 inasema kwamba masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kudaiwa mahakamani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo, lilipodai kila mtu aishi kwa jasho lake, liliwatenga watoto wadogo, wazee sana na walemavu kuwa ndio wenye haki ya kutunzwa na wengine.

Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Msaada mkubwa wa serikali ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF tangu mwaka 2012. Mpango huo hutambua kaya maskini kupitia mikutano ya vijiji na mitaa, na kaya za wazee ni sehemu ya walengwa. Lakini unalenga kaya maskini sana, si umri. Mjane mwenye kihamba kidogo na nyumba ya bati anaweza kuonekana ana nafuu ingawa hana fedha ya chumvi.

Nchi na maeneo ya jirani yamechukua njia ya umri:

* Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70. Ilianza kwa Sh 20,000 kwa mwezi na ilipandishwa hadi Sh 50,000 mwaka 2023.
* Kenya tangu mwaka 2018 hutoa Sh 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi kupitia mpango wa Inua Jamii.
* Uganda hutoa Sh 25,000 za Uganda kwa mwezi. Tangu mwaka 2020 mpango huo ulienezwa nchi nzima kwa wenye miaka 80 na zaidi.

Ndani ya Tanzania Bara kuna jaribio dogo la shirika la Kwa Wazee, ambalo tangu mwaka 2003 limetoa pensheni ndogo kwa wazee wa Muleba, mkoani Kagera, wengi wao bibi wanaolea wajukuu waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Tathmini iliyofanywa mwaka 2008 ilionyesha kwamba fedha hizo zilitumika kwa mahitaji kama chumvi, sabuni na viatu vya shule, yaani ziliwafikia pia watoto.

Wanaounga mkono pensheni ya wazee wote Tanzania Bara husema ni rahisi kusimamia kwa kuwa kigezo ni umri tu. Wanaosita hutaja gharama kwa hazina ya taifa na ugumu wa kuthibitisha umri wa watu waliozaliwa bila vyeti.

## Afya

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Halmashauri hutambua wazee hao na kuwapa vitambulisho, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee lenye tangazo la kuwapisha wahudumiwe kwanza. Tatizo linalolalamikiwa zaidi ni dawa: mzee humwona daktari bure, kisha huambiwa akanunue dawa dukani. Magonjwa ya uzeeni kama shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya viungo huhitaji dawa kila siku, hivyo gharama hurudi kila mwezi.

Wastaafu waliochangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) huendelea kutibiwa pamoja na wenza wao. Kwa wengine ulikuwepo Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, wa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, inataka kila mkazi awe na bima.

Eneo la Mlima Meru lina tatizo lake la pekee, nalo ni madini ya floraidi yanayotokana na miamba ya volkeno. Katika sehemu kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki maji ya asili yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa watoto huchafua meno. Kwa mtu aliyeyanywa miaka mingi huweza kukakamaza viungo na kupinda mifupa, hivyo madhara makubwa huonekana uzeeni. Kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji hutafiti njia za kuondoa floraidi, ikiwemo kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, uliogharimu takriban Sh bilioni 520 kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga pia kupunguza tatizo hilo.

Kwa wagonjwa wasio na tumaini la kupona, Hospitali ya Selian ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ina huduma ya tiba shufaa inayowafuata wagonjwa majumbani.

## Makazi na usalama

Serikali huendesha makazi ya wazee wasio na ndugu. Yaliyo karibu na Arusha ni Njoro mjini Moshi na Magugu mkoani Manyara. Jamii nyingi huona aibu mzazi kupelekwa huko, na sera yenyewe inataka mzee atunzwe kwanza na familia, makazi yakiwa njia ya mwisho.

Katika mikoa ya kanda ya Ziwa na ya magharibi, hasa Shinyanga na Mwanza, wazee wanawake wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu, ambayo mara nyingi hutokana na moshi wa kupikia, yalichukuliwa kuwa dalili. Watetezi wa haki wameeleza kwamba nyuma ya baadhi ya tuhuma hizo kulikuwa na tamaa ya shamba la marehemu mume.

## Sera na sheria

Sera ya mwaka 2003 ilianzisha mabaraza ya wazee kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Zanzibar ilitunga sheria maalum ya wazee mwaka 2020. Tanzania Bara ilifikisha miaka 20 ya sera hiyo mwaka 2023 bila kuwa na sheria ya namna hiyo, jambo ambalo mabaraza ya wazee na mashirika kama HelpAge yamelilalamikia, kwa kuwa sera haiwezi kumshurutisha mtu wala halmashauri.

Umoja wa Afrika ulipitisha mwaka 2016 Itifaki ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kuhusu haki za wazee, ambayo ilianza kutumika mwaka 2024. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye kazi ya kutafsiri mkataba huo na itifaki zake, ina makao yake jijini Arusha.

## Tazama pia

* Mkoa wa Arusha
* Wameru (Tanzania)
* Waarusha
* Azimio la Arusha
* Jumuiya ya Afrika Mashariki